Mgonjwa Anajaza, Nani Anasoma?

Mwaka 2008 watafiti wa jimbo la Virginia, Marekani, walitoa matokeo ya kazi ambayo nyenzo yake kuu ilikuwa daftari. Watu wazima 232 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, walikuwa wamejaza kila siku, wengine hadi miezi sita. Leo umepata maumivu? Makali kiasi gani? Umekwenda kutibiwa? Hesabu ilipokamilika, maumivu yalikuwepo katika asilimia 54.5 ya siku zilizoandikwa. Siku ambazo mtu alikwenda hospitali zilikuwa asilimia 3.5. Karibu wagonjwa watatu kati ya kumi waliumwa takriban kila siku ya Mungu.

Kabla ya hapo madaktari walizoea kupima uzito wa ugonjwa huo kwa idadi ya safari zinazomfikisha mgonjwa wodini. Walikuwa wanachungulia kwenye tundu la ufunguo. Sehemu kubwa ya ugonjwa ilipita nyumbani, kazini na usiku wa manane, bila shahidi wala cheti.

Daftari hilo sasa limehamia kwenye simu. Zipo programu za mwenye himofilia kuandika kila anapovuja damu na kila anapojidunga dawa, za mwenye ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, kufuatilia jinsi mikono na pumzi vinavyodhoofika, za mwenye selimundu kuweka alama ya maumivu, usingizi na hali ya moyo. Ahadi yao ni moja: kile ambacho hospitali haikioni kitaonekana. Kwamba simu inaweza kurekodi, hilo halina ubishi. Cha kujadili ni nani yuko upande wa pili, na akishaona ana uwezo wa kufanya nini.

Uadimu wenyewe ni jambo la hesabu na la mahali. Ulaya huuita ugonjwa adimu ukiwa haumpati zaidi ya mtu mmoja kati ya 2,000. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1983, ni ugonjwa wenye wagonjwa wasiofika 200,000 nchi nzima. Kwa vipimo hivyo yamehesabiwa magonjwa zaidi ya 6,000, mengi ya kurithi, na ukiwajumlisha wanaoyaugua duniani wanakaribia milioni 300. Selimundu imo kwenye kundi hilo kwa Marekani, kwa kuwa wenye nayo huko ni kama 100,000. Tanzania peke yake huzaliwa watoto zaidi ya 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Msomaji wa Mwanza au Kisumu anayekutana na utafiti wa ugonjwa adimu asishangae, basi, akikuta unamzungumzia mtoto wa jirani yake.

Wagonjwa hawa, popote walipo, wana shida moja inayofanana. Daktari wa zahanati huenda hajawahi kuuona ugonjwa wao, mama wa mtoto anajua mengi kuliko anayemtibu, na bingwa yuko mji mkuu, miadi kila baada ya miezi mitatu au sita. Ukifika unapewa dakika kumi. Na kwetu mtu akiulizwa hali huanza na “sijambo” au “namshukuru Mungu”, ndipo ataje kinachomsumbua. Daktari mwenye foleni mlangoni huondoka na lile jibu la kwanza.

Hata mgonjwa akipewa muda, ataeleza anachokikumbuka, na kumbukumbu ya maumivu haiaminiki. Siku mbaya ya juzi hufunika wiki tatu nzuri zilizotangulia. Ndiyo maana watafiti waligawa madaftari. Mwaka 2002 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililoyaumbua madaftari hayo. Ndani ya jalada kulifichwa kifaa kinachohisi mwanga, kikarekodi kila lilipofunguliwa. Wagonjwa wa maumivu sugu waliopewa daftari la karatasi walionekana kujaza kwa wakati asilimia 90 ya mara walizotakiwa. Kifaa kilisema asilimia 11. Zilikuwepo siku ambazo daftari halikufunguliwa kabisa, na bado kurasa zake zilikuwa zimejaa. Sioni sababu ya kuwaita waongo. Ni watu waliotaka kumridhisha mtafiti, wakajaza siku zote kwa mkupuo kabla ya miadi. Kundi la pili lilitumia kifaa cha kielektroniki chenye saa, kisichoruhusu kurudi nyuma, likafikia asilimia 94. (Daftari la Virginia nalo lilikuwa la karatasi, takwimu zake zisomwe kwa kukumbuka hilo.)

Kwa upande wa simu, hoja yenye nguvu kuliko zote ni hiyo. Inajua umejibu saa ngapi.

Umejibu nini, hilo ni gumu zaidi. Ubora wa maisha hauna mizani. Kimojawapo cha vipimo vinavyotumika sana duniani, EQ-5D, kinauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo lenye ngazi tano kwa kila jambo linamweka mwanadamu yeyote katika hali mojawapo kati ya 3,125. Lilianzishwa na watafiti wa Ulaya walioanza kukutana mwaka 1987, na kazi yake kubwa ni kuwasaidia wachumi wa afya kulinganisha tiba na tiba. Kwa kazi hiyo linafaa. Kijana mwenye himofilia anayetaka kujua kama ataweza ukondakta wa daladala halimwambii kitu. SF-36, kipimo kingine maarufu, humuuliza mtu kama afya yake inamzuia kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam na matokeo kuchapishwa mwaka 1999, kwa hiyo asiwepo wa kusema haiwezekani. Ila ilihitaji wataalamu, fedha na idadi kubwa ya watu wa kuhojiwa.

Ugonjwa wenye watu 40 nchi nzima utawapata wapi watu hao? Magonjwa adimu machache yenye bahati yana vipimo vyao: selimundu ina ASCQ-Me, himofilia ina Haem-A-QoL, na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito, una CFQ-R. Mengi mengine hayana chochote. Hapo mtengeneza programu huweka nyuso tano, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na mstari wa 0 hadi 10, kisha huita matokeo yake ubora wa maisha.

Upo ugumu mwingine usioondolewa na wingi wa watu. Mgonjwa hubadilika. Mwaka 2011 watafiti wa Ubelgiji walitoa majibu ya watu waliopooza karibu mwili mzima, wanaozungumza kwa kupepesa macho. Kati ya 65 waliojieleza kuhusu furaha, 47 walisema wanayo. Mtu mzima wa afya akiwatazama asingebashiri hivyo, na ubashiri wake ndio mara nyingi huamua nani apewe tiba. Kwa hiyo kumuuliza mwenyewe ni lazima. Lakini kipimo cha mgonjwa husogea naye. Hali aliyoiita 4 mwaka wa kwanza anaiita 7 mwaka wa tano, ilhali misuli imezidi kulegea. Programu inayomchorea mstari unaopanda haiwezi kujua kama dawa imefanya kazi au moyo umezoea.

Wengine wameamua kumpumzisha mgonjwa na kuuliza mwili wenyewe. Kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, kifaa kinachofungwa kwenye kifundo cha mguu hupima hatua zao za kasi zaidi katika maisha ya kila siku. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikikubali kipimo hicho katika majaribio ya dawa mwaka 2019, na mwaka 2023 ikakipandisha hadhi kuwa kipimo kikuu. Ni hatua kubwa, ila kinachopimwa ni miguu. Mtoto aliyeacha kukimbia kwa sababu wenzake wamemtenga na yule aliyeacha kwa sababu nguvu zimekwisha, kwa kifaa hicho ni mmoja.

Je, anayejirekodi anafaidika?

Ushahidi wa matumaini zaidi haukutoka kwenye magonjwa adimu. Katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa: wengine walihudumiwa kwa kawaida, wengine waliripoti dalili zao kwa kompyuta. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba walioripoti waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, wenzao 26.0. Dawa nyingi za saratani zenye bei ya kutisha haziongezi miezi mitano. Watu wengi waliposoma habari hiyo walisema kompyuta imeokoa maisha. Ukisoma kwa makini utakuta kwamba dalili ilipozidi, muuguzi alipata barua pepe papo hapo, na katika asilimia 77 ya tahadhari hizo alifanya jambo: alipiga simu, alibadilisha dawa, alimwita mgonjwa. Kompyuta ilifupisha njia ya kumfikia mtu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao haukuhitaji hata simu janja. Kati ya mwaka 2007 na 2008, kliniki tatu za VVU nchini Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, ziliwatumia baadhi ya wagonjwa wanaoanza dawa ujumbe mfupi mmoja kwa wiki: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa ajibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa na mhudumu wa kliniki. Washiriki walikuwa 538. Baada ya mwaka, waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe na 50 kwa wasioupata. Waliofubaza virusi walikuwa 57 kwa 48. Hakuna grafu, hakuna nyuso za kucheka, na swali lenyewe ni lile ambalo vijana huulizana kijiweni. Mradi huo, WelTel, unanifundisha zaidi kuliko programu kumi zenye rangi za kupendeza, kwa sababu ndani yake hata kimya kilisomwa.

Lakini upo utafiti unaoitia hoja hii mchanga, na si haki kuupita. Nchini Marekani wagonjwa 267 wa sistiki fibrosisi katika vituo 14 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Nusu yao walipewa vifaa vya kupima pumzi nyumbani na kuripoti dalili mara mbili kwa wiki, na upande wa pili walikuwepo wataalamu wanaosoma. Mashambulio ya mapafu yaligunduliwa mengi zaidi na mapema zaidi kwa kundi hilo, kama ilivyotarajiwa. Mwisho wa mwaka, uwezo wa mapafu ulikuwa uleule kwa makundi yote mawili. Msomaji alikuwepo, na alichukua hatua. Ninavyouelewa utafiti huo, kusoma ni sharti la kwanza tu. Sharti la pili ni kuwepo tiba ambayo ikiwahi inageuza mkondo wa ugonjwa. Isipokuwepo, kipimo cha nyumbani kinamletea mgonjwa habari mbaya mapema, pamoja na dozi zaidi za dawa za bakteria.

Upande wa mgonjwa pia una gharama zake, na zinasahaulika kwa urahisi kwa kuwa hazionekani kwenye hesabu ya mradi. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya tafiti nane za afya kwa simu za Marekani, zenye washiriki zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba nusu ya watu walikuwa wameacha kufikia siku ya tano au ya sita. Wenye ugonjwa unaochunguzwa walidumu kuliko wasio nao, na walioelekezwa na daktari wao walidumu zaidi. Inaeleweka. Kengele ya kila saa mbili usiku inayouliza umechoka kiasi gani ni kumbusho kwamba unaumwa, hata siku ile ambayo ulikuwa umesahau. Mwenye ugonjwa wa maisha anastahili siku za kusahau. Nadhani watengenezaji wengi ni watu wazima wenye afya, na hilo huonekana katika idadi ya maswali.

Himofilia inaonyesha ni lini mtu hujaza bila kubembelezwa. Damu ya mwenye nayo haigandi ipasavyo, anajidunga dawa ya kugandisha nyumbani, na dawa ni ghali mno. Maandishi yake yana kazi tatu zinazoonekana kwa macho. Daktari huhesabu mara alizovuja damu kwa mwaka na kubadilisha dozi. Kliniki huagiza dawa kulingana na matumizi. Na namba ya toleo la kila chupa huandikwa, kwa sababu yenye maumivu: katika miaka ya 1970 na 1980 dawa hizo zilitengenezwa kwa damu ya wachangiaji maelfu, na nchini Uingereza pekee wagonjwa wa kuvuja damu wapatao 1,250, watoto wakiwemo, waliambukizwa VVU kwa dawa iliyokusudiwa kuwaokoa. Ripoti ya uchunguzi wa umma kuhusu mkasa huo ilitoka Mei 2024. Chupa ikigundulika leo kuwa na kasoro, walioitumia wanapaswa kupatikana leo. Mtu anayejua habari hiyo haandiki kwa ajili ya utafiti wa fulani. Anajilinda.

Shirikisho la Himofilia Duniani, lenye makao Montreal, lilianzisha rejesta yake ya kimataifa mwaka 2018, na baadaye likaongeza programu ambayo mgonjwa mwenyewe hujaza. Afrika Mashariki imo kwenye mpango wa shirikisho hilo wa kugawa dawa za msaada, na dawa za msaada hudai hesabu. Hata hapa kuna mipaka. Goti lililokwisha kuharibika huuma kwa damu mpya na huuma kwa ubovu wa zamani, na mara nyingi mgonjwa hawezi kutofautisha, simu haitamsaidia. Tena programu humfikia aliyekwisha gunduliwa. Kwa makadirio ya kisayansi kuna wanaume kama 21 wenye himofilia katika kila 100,000. Tanzania, yenye wanaume milioni 30 kwa sensa ya 2022, ingetarajiwa kuwa nao zaidi ya 6,000. Wanaojulikana na kliniki ni sehemu ndogo mno ya hao. Waliobaki hawahitaji programu kwanza, wanahitaji kipimo cha damu.

Tukija kwenye umiliki wa taarifa, kisa cha mtandao wa PatientsLikeMe kinatosha kueleza neema na hatari yake. Kaka wawili wa familia ya Heywood, Marekani, walishiriki kuuanzisha mwaka 2004 baada ya ndugu yao Stephen kupatwa na ALS. Wagonjwa waliandika wenyewe jinsi wanavyoendelea, kila mtu akiona wenzake. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa Italia ulidai kwamba lithiamu inachelewesha ALS. Wagonjwa hawakusubiri, walianza kuitumia na kurekodi. Watumiaji 149 walilinganishwa na wenzao waliofanana nao kwa mwenendo wa ugonjwa, na mwaka 2011 jibu lilichapishwa: haisaidii. Majaribio rasmi ya kitabibu yalikuja kusema vivyo hivyo. Kwa ugonjwa ambao wengi hufa ndani ya miaka michache, kuondolewa haraka matumaini ya uongo ni huduma.

Kampuni hiyo haikuficha kwamba inauza taarifa kwa watengeneza dawa. Mwaka 2017 iliingiza mtaji mkubwa wa kampuni ya China, iCarbonX. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ikamlazimisha mwekezaji huyo ajitoe kwa hoja ya usalama wa taifa. Kampuni ikanunuliwa na UnitedHealth, jitu la bima ya afya. Mgonjwa aliyeandika mwaka 2006 kwamba hawezi tena kufunga vifungo vya shati alikuwa anawaandikia wenzake. Miaka 13 baadaye mwenye nyumba alikuwa mwingine.

Kwa magonjwa adimu, kuondoa jina hakufichi mtu. Mvulana wa miaka kumi na moja, himofilia B, wilaya fulani ya Singida: walimu wake wote wanamjua. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria hizo humpa mgonjwa haki ya kuuliza. Ni wachache wanaojua wamuulize nani, hasa programu ikiwa imetengenezwa Berlin na kompyuta zake zipo Ireland.

Huku kwetu kuna mambo ambayo mbunifu wa Berlin hayafikirii. Simu ni ya baba, na baba anarudi saa tatu usiku. Mama ndiye anayejua mtoto amelalaje. Bando limeisha tangu Jumanne. Simu yenyewe huenda ni kitochi. Binti wa miaka kumi na minne mwenye selimundu hataandika ukweli kuhusu huzuni yake kwenye simu ambayo kaka zake wote wanaijua namba ya siri. Hakuna kati ya haya linalozuia kujirekodi. Yanabadilisha umbo lake. Swali moja kwa wiki kwa ujumbe mfupi au kwa namba za nyota na reli, majibu yasiyozidi mawili au matatu, ruhusa ya kuruka wiki, na nakala inayobaki kwa mgonjwa mradi ukifungwa, kwa sababu miradi hufungwa. Yatapotea mengi ambayo mtafiti angependa kuyajua. Acha yapotee.

Selimundu ndiyo ningeanza nayo, kwa kuwa sharti la tiba limetimia na la msomaji linaweza kutimizwa. Tiba ipo: jaribio la haidroksiyurea lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, lilionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza mashambulio ya maumivu, malaria na vifo vya watoto. Kliniki zipo, ingawa chache. Kinachokosekana ni mtu wa kupokea neno “shida” Jumatatu asubuhi na kupiga simu kabla ya Jumatano. Fedha za wafadhili hupenda programu kwa kuwa ina uzinduzi, mgeni rasmi na utepe wa kukata. Mshahara wa muuguzi kwa miaka mitano hauna utepe. Fungu hilo likipita mikononi mwangu, litaanza na muuguzi na vocha za simu, na programu itasubiri bajeti ya mwaka unaofuata.